Mwenyewe Kabanwa

Jumamosi moja bwana mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, simu yake ilipoita. Kijana mchangamfu akamuuliza kama bado anatafuta Toyota IST. Hakuwa akitafuta, alikuwa akiuza. Namba yake bila shaka ilikwapuliwa kwenye mojawapo ya makundi ya WhatsApp aliyojiunga nayo ili atangaze bure. Kabla hajajieleza, picha zikaingia: IST ya rangi ya fedha mbele ya geti la bluu lililobonyea, na begi la shule limesahaulika kwenye kiti cha nyuma. Geti lake. Begi la binti yake.

"Mashine hiyo, bosi wangu. Namba D, AC ndiii, unaweka mafuta unatembea. Milioni tisa na nusu, maongezi yapo."

Yeye alikuwa akiliuza milioni nane. Akajikaza, akauliza kwa sauti ya mnunuzi kama haishuki.

"Mkubwa, nikwambie ukweli," kijana akanong'ona. "Mwenyewe kabanwa. Sijui ada za watoto, sijui kodi. Tukimkazia kidogo anashuka. Wewe njoo na keshi tu, yule mzee hana ujanja."

Simu ilikuwa kwenye spika, maana wembe ulikuwa umefika sikioni. Kinyozi akasimamisha kazi asikie vizuri.

Bwana huyo hajawahi kumwona kijana yule, wala hakumpa kazi. Lakini gari linalotangazwa bila kulipia husafiri hivyo. Mwenye gari anaweka picha status. Rafiki anamrushia dalali anayemfahamu; dalali anaongeza cha juu chake, tuseme laki tatu, anatupia kwenye kundi la madalali wenzake. Mwenzake anaongeza laki tano, anazifuta namba za kibao kwenye picha ili asirukwe, anasogeza mbele. Ikifika kwa wa nne, hakuna anayemjua mwenye gari. Kila mtu anamjua tu aliyemtumia picha. Siku mteja akitaka kuliona, ombi linapanda ngazi moja moja, na kila ngazi inajibu "namcheki mwenyewe sasa hivi" huku ikimpigia dalali wa juu yake. Hakuna anayetoa namba ya simu ya mwenzake, kwa sababu namba hiyo ndiyo mtaji wake wote.

Kisha wanakuja wote kwa pamoja. Mteja na fundi wake wanainama kwenye boneti, na ukutani wameegemea wanaume watatu wanaomsalimia mwenye gari kana kwamba walisoma naye. Kila mmoja anamvuta pembeni kwa zamu: "Mzee, bei usitaje, niachie mimi." Na haki yao wapewe: gari lisipouzwa, vocha na nauli ya bodaboda vimewatoka mfukoni mwao.

Kibao chenyewe ni somo lingine. Namba za Tanzania huanza na T, zikafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu zinazosonga mbele kadiri magari yanavyosajiliwa. Kwa wanunuzi wa Dar, ya kwanza kati ya herufi hizo tatu ndiyo cheti cha kuzaliwa: C ni mzee, D anaheshimika, E ni kijana anayetafutwa na wote. Ila herufi hiyo inasema gari lilisajiliwa lini hapa, haisemi liliundwa lini. IST za umbo la kwanza, zile zilizojaa mjini, ziliundwa kuanzia 2002 hadi 2007, basi. Kwa hiyo ya C na ya E zinaweza kuwa zilitoka kiwandani wiki moja. Hiyo ya E ilibaki Japani miaka mingi zaidi, ikitembea barabara za kule na kupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima, ambao gari jipya la binafsi hufanyiwa likifikisha miaka 3 na baadaye kila baada ya miaka 2, mpaka mwenyewe akachoka na gharama akaitoa. Imezeekea ugenini, na kwa hilo mtu anaongeza milioni nzima. Nairobi nako wanapima kwa KC na KD, ingawa wao wana sababu kidogo: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8.

Bwana wa Tabata alimfafanulia mteja mmoja yote hayo, akimwonyesha miaka kwenye simu. Mteja alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Sawa kaka. Kwani hiyo yako ni DA au DX?"

Karatasi ya INAUZWA kwenye kioo ilimletea simu usiku wa manane. Mmoja alitaka kubadilishana na kiwanja cha Chanika. Mwingine alilijaribu gari mpaka Mbezi, akalirudisha taa ya mafuta inawaka. Fundi fulani alifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akautazama moshi, akaguna, akafunga. Alichokiona hajakisema hadi leo.

Hatimaye gari likachukuliwa na jirani wa shemeji yake kwa milioni saba na laki tatu. Madalali wawili wakaja kudai chao, kwa hoja kwamba wao ndio waliolifanya lijulikane.

Mkataba uliandikwa kwa wakili, kadi ya gari ikakabidhiwa. Kuhamisha umiliki kule Mamlaka ya Mapato (TRA), pamoja na ada na ushuru wa stempu, walikubaliana ni juu ya mnunuzi. Mnunuzi hakwenda. Wa namna yake ni wengi: analitumia kwanza, kesho atauza, gharama za kuhamisha atazibeba ajaye. Zamani ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilimkumbusha mtu jina lililoko kwenye kadi; ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa shilingi 40 kila lita. Tochi za barabarani za kupima mwendo, hata hivyo, hazisahau. Kosa moja ni shilingi 30,000, na deni linakaa kwenye namba ya gari. Gari likimgonga mtu, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina. Mtu ameshusha bei, ameandikiana kwa wakili, ametoa kadi, na bado analala akihofia mguu wa dereva asiyemjua. Huo ni uonevu, na anayeufanya anajua anachofanya.

Alipoangalia madeni alikuta tochi za Chalinze na Mikumi. Namba ya jirani wa shemeji haipatikani. Juzi akapigiwa kutoka Iringa.

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye mwenye gari lako."

Akaombwa aende huko kutia saini, na kama hatajali, alipe kwanza zile tochi, maana mfumo unasoma jina lake.