Fadhila za Betri Mbovu

Washairi wa pwani yetu wamewasifu masultani, farasi na vyombo vya bahari, na wako waliousifu mnazi hata kwa makumbi yake; lakini sijapata kusoma ubeti mmoja uliotungwa kuitukuza betri mbovu ya gari la haibridi, nami naihesabu hiyo kuwa dhuluma, kwani betri hiyo imewalisha watu wengi kuliko farasi wote wa tenzi.

Atakaye ithibati na aende bandari ya Al Hamriya, upande wa Deira, mjini Dubai, ambako majahazi ya mbao hujipanga ubavu kwa ubavu yakipakia mchele, majokofu, matairi na magari yaliyokwisha kutumika, ili yavuke kwenda Somalia, Uajemi na kwingineko katika bahari hii ambayo babu zetu waliivuka kwa pepo za kaskazi na kusi. Gari la haibridi likipandishwa sitahani na kufungwa kamba, mnunuzi hutazama rangi, hugonga milango, huuliza kilomita. Yeye tumsifuye amejilaza nyuma ya kiti cha abiria, kimya, wala hajitangazi. Unyenyekevu wa namna hiyo sijui nani mwingine anao pale gatini, madalali wakiwamo.

Katika Toyota Prius ya toleo la pili, iliyotoka mwaka 2003, betri hii ina vipande 28, kila kimoja cha volti 7.2, vilivyounganishwa kimoja baada ya kimoja hata vikatimiza volti 201.6, na kikiugua kimoja tu, vile 27 vyenye afya havisemi neno, bali huyafanya maradhi yale kuwa yao wote, na gari zima likaingia matangani: mshikamano ambao vyama vyetu vya kuzikana huutafuta kwa katiba na faini visiupate.

Wala haifi kwa hila. Kwanza feni yake huvuma kuliko desturi. Kisha kile kipimo cha chaji hupanda na kushuka bila sababu, kimejaa chini ya kilima, kitupu juu yake. Mwisho huwaka ile pembetatu nyekundu, ambayo mwenye gari, kwa kumtegemea Mola na kuuogopa mfuko wake, huitazama mwezi mzima kama kwamba ni pambo.

Betri huvuta pumzi ileile wanayovuta abiria, kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Na sisi, kwa shukrani, tunaliziba tundu hilo kwa magunia na mablanketi, katika mji wa Dubai, ambao joto lake la Julai hupita nyuzi 40 na vumbi lake halina likizo. Fundi akikiinua kiti huikuta feni imevaa sufu nene ya vumbi na nyuzi za zulia, na vile vibao vya shaba viunganishavyo vipande vimeota kutu ya kijani. Hapo ndipo betri inapomfunza mtu adabu: hata fundi jeuri huvaa glavu za mpira, huchomoa plagi ya rangi ya chungwa, akangoja dakika kadhaa umeme uliosalia utulie, kwani volti 200 hazina utani.

Na ukarimu wake, ewe msomaji, hauna kifani. Betri mpya ni ghali, kwa hiyo aghalabu fundi huvipima vipande kimoja kimoja, akatoa kilicho dhaifu, akaweka kingine kilichotoka katika gari lililogongwa. Nacho, kwa kuwa umri wake na wa wenzake si mmoja, hakikawii kuwachosha, hata baada ya muda mchache kipande cha pili kikafa, fundi akaitwa tena, muuza spea akacheka, na mwenye gari, aliyekuwa akitutambia barazani jinsi asivyotumia petroli, akaja barazani kwa miguu, mpole, msikivu, tayari kuchangia kahawa. Betri nzima haikupata kumtengeneza hivyo.

Basi wewe uliye na gari la namna hii, nakusihi uisafishe ile feni kila mwaka na uyaondoe magunia penye tundu; ila usifanye haraka mno, mafundi wetu nao wana watoto.