Kamera Inayogeuza Shingo Usiku: Bingwa Ajibu

Msomaji wa Tabata ameandika kwamba kamera ya sebuleni kwake hugeuka yenyewe usiku wa manane. Anauliza afanyeje. Barua yake ina mistari miwili, na ni bahati yake, maana Bingwa wa safu hii hasomi zaidi ya hapo.

Bingwa, kwa faida ya wageni, ndiye aliyeitabiria redio ya kinyozi wake kuungua, ikaungua. Kinyozi hakushukuru hata kidogo.

Tiba yake ya kwanza: kamera ivishwe kanga, jina la kanga lielekezwe kwenye lenzi, ili anayechungulia kutoka ng'ambo ajisomee ujumbe wake. Ya pili: igeuzwe ukutani kama mwanafunzi mtukutu.

Majirani watamwambia aichomoe tu kwenye soketi. Bingwa anawahurumia. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta kwa malaki, kikibahatisha nywila 60 hivi za kiwandani: admin, 12345 na ndugu zao. Tarehe 21 Oktoba vifaa vilivyotekwa vikaielemea Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, na Twitter na Netflix zikagoma kufunguka kwa saa kadhaa. Kirusi chenyewe kilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukichomoa waya kinafutika. Ukichomeka tena na nywila ile ile, dakika chache kimerudi. Waliokiunda, vijana watatu, walikiri kosa mahakamani Desemba 2017, na chimbuko la yote ni ushindani wa seva za mchezo wa Minecraft. Bingwa, alipokuwa na umri wao, alishawafunga bao wazee wa mtaa mzima na hakushtakiwa.

Nywila yake mwenyewe ni ubeti mzima wa shairi lake ambalo hakuna gazeti lililokubali kulichapa, kwa hiyo ni siri kamili. Mpwa wake alipoomba Wi-Fi aliandika hadi mshororo wa tatu, akaenda kununua bando.

Uingereza ilipiga marufuku vifaa vyenye nywila moja ya kiwandani kwa wote kuanzia 29 Aprili 2024. Bingwa alikwishapiga marufuku hiyo nyumbani kwake zamani, ila hakualika waandishi wa habari.

Wa maofisini nao wasicheke. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Darktrace ilisimulia jinsi kasino moja ya Amerika Kaskazini ilivyodukuliwa kupitia tangi la samaki lililounganishwa na intaneti. Bingwa samaki wake huwaweka kwenye kikaango.

Mhariri anasema nafasi imekwisha. Haya, upesi: msomaji abadili nywila ya kamera na ya ruta, kila kimoja na yake, asasishe programu za vyote viwili, kamera aihamishie kwenye Wi-Fi ya wageni, mbali na kompyuta ya kazi. Kisha aangalie kama kamera imewekewa mpangilio wa kufuata mwendo, kwani nyingi hugeuka zenyewe kitu kikipita, mjusi akiwemo. Ada ya ushauri itumwe kwa Bingwa, isipitie kwa mhariri.