Kuku Watajijua: Mwongozo wa Mfugaji Anayesafiri Desemba

Tiketi ya basi la Moshi umeshaikata, tena kwa bei ya kulangua. Nguo za watoto zimepigwa pasi, na huko Marangu mbuzi ameshachaguliwa. Limebaki jambo moja dogo, na hilo jambo liko nyuma ya nyumba yako Kimara linapiga kelele tangu alfajiri: matetea 12 wa mayai, tetea mmoja wa kienyeji uliyepewa na shemeji, na jogoo ambaye mtaa mzima unamjua kwa sauti. Utakuwa mbali siku 14. Nani atawatazama?

Tulia, ndugu yangu. Ukimuuliza bwana mifugo atakwambia utafute mtu, umlipe, umfundishe siku kadhaa kabla hujaondoka. Huo ni ushauri wa watu wanaojali kuku. Mimi na wewe tunajali lawama. Kuku wakifa, wafe mikononi mwa mtu mwingine, na wewe upewe pole. Fuata hatua hizi.

1. Chagua mtu asiyeweza kukataa

Usithubutu kumpa kazi hii mtu anayejua kuku. Yule mama wa nyumba ya tatu aliyefuga tangu ujana wake ataingia bandani, atanusa, kisha atakuuliza kwa upole maranda ulibadilisha lini. Utamjibu nini? Tena atakuuliza mbele ya mkeo.

Tafuta mpwa aliyemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, anayesubiri matokeo na kula kwako. Huyo hana sauti.

"Mjomba, mimi kuku siwajui."

"Utawajua."

Mazungumzo yaishie hapo. Kama huna mpwa, yupo jirani unayemdai. Deni usilitaje, mwulize tu kama yupo sikukuu hii. Ataelewa.

Kuhusu malipo, sema: "Nikirudi sitakusahau." Uzuri wa kauli hii ni kwamba haina tarakimu ndani yake. Mtu hawezi kukudai kumbukumbu.

2. Maelekezo yawe mafupi na yasieleweke

Akikuuliza wanakula kiasi gani, mjibu: "Kama kawaida." Kawaida ya nani? Hilo atalitafakari wewe ukiwa umeshapita Chalinze.

Usije ukamwambia kwamba kuku wa mayai hula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo kundi lako linamaliza karibu kilo 1.7, na kwa siku 14 ni kama nusu ya mfuko wa kilo 50. Ukishampa hesabu, umempa silaha. Siku ya tisa atakupigia: "Mjomba, chakula kimebaki cha siku mbili, tuma hela." Asiye na kipimo hajui kama chakula kimepungua, na asiyejua hapigi simu.

Kama una haraka, mimina mfuko wote kwenye beseni siku ya kuondoka. Najua utakachoambiwa: kuku atachakura, nusu itamwagika chini, ichanganyike na kinyesi na maji, iote ukungu, na ukungu wa nafaka ndio unaoleta sumukuvu. Na panya watakuja. Ni kweli yote. Lakini picha ya beseni lililojaa pomoni, ukiipiga kabla ya kufunga mlango, inakaa kwenye simu yako miaka mingi.

Maji ndiyo yanayoumbua watu. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto la Dar mwezi huu, linalopita nyuzi 30 mchana, humfanya anywe zaidi ya hapo. Akikosa maji siku moja tu, mayai hupungua, na hayarudi kesho yake kwa sababu umeomba radhi. Ufumbuzi: nunua chombo kikubwa kuliko vyote dukani. Kijaze mara moja, kiache palepale penye bomba, juani, maana kikishajaa hakibebeki. Siku ya tatu maji yatakuwa ya moto na ya kijani, na kuku mmoja atakuwa ameshaogea humo. Si neno. Ukiulizwa, una risiti. Mtu aliyenunua chombo cha lita 20 hawezi kuitwa mzembe.

3. Mlango

Nikwambie siri ambayo wafugaji wengi huificha ili waonekane wana kazi ngumu. Ukiondoa chakula na maji, kazi yenyewe ni mbili: asubuhi kufungua, jioni kufunga. Kuku wenyewe hurudi bandani giza likianza kuingia, saa 12 na nusu hivi, bila kuitwa na mtu. Wanapanda kichanjani, wanagombania nafasi kidogo, wanalala.

Tatizo ni kwamba saa hiyohiyo mpwa wako yuko kibanda umiza anatazama mpira. Kicheche hatazami mpira. Anahitaji tundu dogo tu, na akiingia haui mmoja aondoke; anaua wanne, anakula shingo.

Wafanyao vizuri huziba matundu yote kwa waya kabla ya safari. Wewe nunua kufuli. Kubwa, la kung'aa, ulitundike pale mtu akiingia uani tu analiona. Wavu wa nyuma uliotoboka hakuna anayekwenda kuutazama isipokuwa kicheche, na yeye hatoi ushahidi.

4. Chanjo isubiri

Hapa nitasema kidogo tu, kwa sababu hata kejeli ina mpaka wake. Kideri hakina dawa. Kuku akishaanza kuhara kijani na kupinda shingo, umeshachelewa, na kundi lisilochanjwa linaweza kuisha karibu lote ndani ya siku chache. Chanjo ni tone moja jichoni, linarudiwa kila miezi mitatu, na gharama yake kwa kuku mmoja haifikii hata bei ya yai. Mwezi huu kuku wanasafiri kuliko watu: kwenye matenga, juu ya mabasi, nyuma ya bodaboda, kila mmoja na ugonjwa wake.

Kwa hiyo mwongozo wangu unakutaka useme "nikirudi nitawachanja". Hutapata shida ya kuwakamata, kwa sababu huenda hakuna wa kukamata.

5. Simamia kwa mbali, kwa mamlaka

Ukifika Moshi, piga simu siku ya kwanza mbele ya wakwe. Ongea kwa sauti. "Umewapa maji? Wote wazima? Vizuri sana." Wakwe watajua wana mkwe mwenye miradi mjini. Baada ya hapo usipige tena, maana kila simu ni nafasi ya kuambiwa jambo.

Omba picha badala yake. Mpwa ataona mantiki ya jambo hilo haraka kuliko unavyodhani: Jumatatu atapiga picha kumi, kisha atakutumia moja moja mpaka mwisho wa wiki. Utajua kwa sababu Alhamisi kuku yuleyule mwekundu amesimama mguu uleule, na ndoo ya bluu iko palepale. Usiseme kitu. Mmeelewana.

6. Habari za jogoo

Zitakuja. Kwa kawaida tarehe 26, saa nne asubuhi, sauti ikiwa na huzuni ya kutosha. "Mjomba, samahani, yule jogoo ameanguka ghafla." Ameanguka tarehe 25, wali ukiwa jikoni.

Jizuie kuuliza maswali. Ukiuliza alikuwa na dalili gani, utaambiwa alikuwa amenyong'onyea. Ukiuliza mzoga uko wapi, utaambiwa amezikwa. Mtaani kwenu lini umesikia kuku amezikwa? Mpe pole. Kesi hii huwezi kuishinda, kwa sababu ushahidi umeliwa na mashahidi wameshiba.

7. Hesabu ya mayai

Ukirudi utakabidhiwa trei moja, tena yenye mapengo. Mkono wako utataka kuchukua kalamu. Uzuie. Matetea 12 walio katika umri wa kutaga vizuri, kila mmoja akitaga siku nane katika kumi, kwa siku 14 wangekupa mayai zaidi ya 130, yaani trei nne na ushee. Sasa umeshajua, na kujua hakujakuongezea hata yai moja.

Tena mpwa ana utetezi mzuri. Kwanza, yai humchukua kuku zaidi ya saa 24 kulitengeneza, kwa hiyo hakuna kuku wa kila siku bila kuruka. Hiyo ni sayansi, na ameitoa kwenye simu. Pili, kunguru. Kunguru wa Dar ameshabeba lawama nyingi na haogopi kuongezewa. Tatu, wamekula wenyewe. Wahenga walisema kuku havunji yaile, lakini wahenga hao hawakuwahi kuacha mayai kiotani siku nne bila kuokota. Moja hukanyagwa na kupasuka, mmoja huonja, na kundi zima hujifunza kabla ya magharibi. Nne, yule tetea wa shemeji ameyakalia 15, ya wenzake karibu yote, tangu siku ya tatu. Vifaranga hutoka siku ya 21. Mkimsogeza sasa mmepata hasara, mkimwacha mmepata kuku mchanganyiko wasiojulikana watakuwaje. Mwache. Waambie watu ulipanga.

8. Asante

Usirudi mikono mitupu. Wengine humletea mwangalizi jogoo wa Moshi, aliyefungwa miguu chini ya kiti cha basi. Wataalamu husema kuku mgeni akae peke yake angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Basi mpe jirani, achanganywe kwake.

Au leta mkungu wa ndizi. Ndizi haziambukizi kitu.

9. Deni la ujirani

Wiki chache baadaye jirani atakuja jioni, atasifia banda lako, atasifia hata kufuli, kisha atakohoa. "Jirani, Pasaka mimi nitakuwa Tanga wiki mbili. Nina bata wangu sita pale. Nikafikiri, nani mwingine ana uzoefu kama wewe?"

Usionyeshe hofu. Mwambie bata unawapenda tangu utotoni, lakini hospitali wamekukataza kukaa karibu na manyoya. Akikuuliza mbona kuku unafuga, mjibu ndio hao hao waliokuponza.