Heko, Semantiki na Pragmatiki

Udaktari una wasifiaji wake, na wodi za Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret zimejaa mashahidi. Uhandisi hauhitaji hata msemaji. Barabara ikitiwa lami kila mtu anaiona. Somo la Semantiki na Pragmatiki ndilo halina mtu. Hapa Kapseret, kati ya mashamba ya mahindi na uwanja wa ndege, sijasikia mtoto akiamshwa usiku wa manane akimbie kumwita mwanasemantiki. Wala hakuna mjane anayelia kwa kosa la mwanapragmatiki. Elimu hii haijaponya mtu na haijaua mtu, na ni haki yake ipate wa kuisifu kabla ya mtihani.

Kwanza, ni karimu. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa tatu maneno mawili, "Alimpigia mpira," naye atakurudishia maana hadi uombe radhi. Huenda mpira ulipigwa kumwelekea. Huenda ulipigwa kwa niaba yake, mwenyewe akiwa mgonjwa. Huenda alichapwa kwa sababu ya mpira, au alichapwa kwa mpira wenyewe, ule wa kumwagilia maji bustani. Mahindi ya huku, pamoja na mbolea yote ya ruzuku, hayajawahi kuzaa hivyo. Na ukidhani umemaliza, yupo mwanaisimu Geoffrey Leech, ambaye mwaka 1974 aliigawa maana yenyewe mafungu saba. Tunayakariri yote saba usiku, tukizunguka chumbani, na majirani wanadhani tuko kwenye maombi.

Lakini utamu uko kwenye pragmatiki, yaani maana inayotokana na muktadha, na maabara yake ni steji ya magari ya Kapseret kule mjini. Makanga anapaza sauti: "Bado mmoja! Mmoja tu twende!" Unaingia, unamkuta mama na kuku wake, na nyuma kabisa kijana aliyesinzia. Abiria wa kawaida huchemka, akasema amedanganywa. Mimi nina amani. Mwanafalsafa H. P. Grice alieleza kwamba mazungumzo yana kanuni zake, mojawapo ikiwa usiseme usichoamini kuwa kweli. Akaongeza kwamba mtu akiivunja waziwazi, huku akijua unamwona akiivunja, hadanganyi; anakutaka utafute anachomaanisha. Makanga anajua hakuna anayemwamini, nasi tunajua kwamba anajua. Basi si uongo. Ni maana fiche, nayo ni "ingia". Naitafakari hivyo hadi injini iwashwe, na muda wa kutafakari huwa haupungui. Hata wale vijana waliokaa kama abiria, watakaoshuka mmoja mmoja gari likianza kujaa, hawanisumbui tena. Ni dhana tangulizi, yale tunayoyachukulia kuwa kweli bila kuambiwa, zilizovaa jaketi.

Humo humo simu inalia. "Niko hapa Langas, nakaribia," anajibu jirani yangu, na gari halijasogea hata hatua. Mtu mwingine anasema "nakuja" huku akishuka, na kweli anaenda zake. Mgeni kutoka Dar es Salaam akishangaa, mwacheni. Hajafika mada ya viashiria, maneno kama "hapa" na "nakuja" ambayo maana yake humtegemea anayesema.

Mzee anayenikodisha chumba hakusoma haya. J. L. Austin, aliyeeleza jinsi kusema kunavyokuwa kutenda, alitoa mihadhara yake Harvard mwaka 1955, akafariki mwaka 1960, na kitabu cha mihadhara hiyo kikatoka mwaka 1962. Miaka hiyo mzee alikuwa mtoto akichunga ndama. Juzi, kodi ikiwa imechelewa, alisimama mlangoni pangu, akaupapasa ubao taratibu.

"Chamgei, kijana."

"Chamgei mising, mzee."

"Huu mlango ni mzuri sana. Mbao za siku hizi si kama hizi."

"Ni kweli, mzee."

"Hata ukitolewa, hauharibiki."

Nilimshukuru, nikaingia ndani kuandika noti. Kwa maneno yake, mzee alisifu mbao. Kwa nguvu ya usemi alinitisha, maana kung'oa mlango ni njia wanayoijua wenye nyumba wengi ya kudai kodi. Kwa athari, jua halikuzama kabla sijafika kwa binamu yangu kukopa. Ngazi zote tatu za Austin, na sauti haikupanda wala pesa hazikutajwa! Mimi kwa swali kama hilo nilipata alama nane kati ya ishirini.

Wapo wanaouliza somo hili litanipa kazi gani. Swali lenyewe halingoji jibu, na somo limenifundisha kulitambua swali la namna hiyo, kwa hiyo sijibu. Faida yake niliiona siku tulipoenda kutafuta kibarua cha likizo, mimi na rafiki yangu anayesomea uhandisi. Bosi alifunga faili, akasifu nidhamu yetu, akatushukuru kwa muda wetu, kisha akasema, "Tutawapigia." Rafiki yangu aliiacha simu kwenye chaji wiki nzima, akawakataza hata watu wa kwao kumpigia wasije wakaiziba laini. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla ya kufika getini. Nilipanda gari la kwanza la Kapseret, lililokuwa limebakisha mmoja, nikaangalie kama mlango upo.