Mashaka ya Kurusha Roketi Uyole

Katika viumbe wote waliopewa na Mwenyezi Mungu mchana wa kufanya kazi na usiku wa kupumzika, hakuna mwenye shughuli nyingi kama mtu asiyelipwa, kwa maana mwenye mshahara ana bwana mmoja na saa ya kutoka kazini, ilhali mtu wa kujitolea ni mtumishi wa kila apitaye mlangoni pake. Na hapa Uyole, penye njia panda ambapo barabara ya Tukuyu, Kyela na Malawi huachana na ile kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, wapitao mlangoni si haba.

Kikundi chetu cha kurusha roketi kina mwalimu wa fizikia, fundi baiskeli, fundi cherehani, bibi shamba mstaafu ambaye ndiye peke yake mwenye hulka ya kufika kwa wakati, mwenyekiti ambaye ni mwenyekiti wa mambo mengine mengi, na mimi, niliyefanywa katibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Roketi zetu si za kutia hofu dola yoyote. Ni chupa ya soda ya lita moja na nusu, iliyogandishwa mapezi ya boksi gumu, ikatiwa maji kiasi cha thuluthi, ikazibwa kwa kizibo chenye valvu ya baiskeli, kisha ikasimamishwa kitako juu na kujazwa upepo kwa pampu hata kizibo kishindwe kustahimili. Hapo maji hufyatuka kwenda chini, na chupa, kwa kuitii kanuni ya tatu ya Newton, huenda juu. Uzuri wote umo katika kipimo, kwa kuwa chupa yenye upepo mtupu haina uzito wa kutosha wa kuutupa nyuma yake, na chupa iliyojaa maji hadi shingoni haina upepo wa kuyasukuma. Mwalimu hulieleza jambo hili kwa staha na kwa chaki. Fundi baiskeli yeye hushikilia kwamba chupa ni kama gunia la viazi la lumbesa, siku zote pana nafasi ya kuongeza kidogo, na chupa nyingi za halali zimepasuka kwa ajili ya itikadi hiyo.

Lakini upepo na maji havikutusumbua kama kalenda. Umoja wa Mataifa umezitenga tarehe 4 hadi 10 Oktoba kila mwaka kuwa Wiki ya Anga, kwa kukumbuka tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi waliporusha Sputnik, na tarehe 10 Oktoba 1967, ulipoanza kutumika mkataba wa mataifa juu ya anga za juu. Waheshimiwa waliokaa na kuamua hivyo, bila shaka watu wenye elimu kubwa, hawakumwuliza mkulima hata mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Oktoba kwetu ndiyo majira ya kutifua mashamba kungoja mvua za Novemba, ya mahafali ya kidato cha nne, na ya harusi za wale waliouza mavuno yao wakaona fedha zisipooa zitapotea. Basi katika juma moja tulijikuta tuna roketi ya mahafali tuliyoahidi shuleni. Tuna roketi ya mwalimu iliyotakiwa kupaa na yai bichi na kulirudisha salama. Tuna roketi ya chupa mbili iliyounganishwa kiunoni, ambayo mwenyekiti alikwisha mwahidi mtu mkubwa pasipo kutuambia. Na tuna harusi ya mpwa wake fundi cherehani, ambayo kamati yake, ukiisoma orodha, ilikuwa na majina yale yale ya kikundi cha roketi, isipokuwa kwamba kule tulikuwa tukidaiwa michango.

Pampu ilikuwa moja. Gundi ilikuwa kopo moja, nalo lilikuwa ghalani kwa wanakwaya, waliokuwa wakiunga spika. Parachuti ya kushusha yai ilikuwa mikononi mwa fundi cherehani, ambaye meza yake ilielemewa na sare za wasimamizi wa bibi harusi, na alipobanwa sana na mwalimu akaishona usiku mmoja baina ya gauni na gauni, ikatoka kitambaa cha satini ya waridi chenye lesi ukingoni. Bibi shamba aliitazama kwa muda, akasema, "Fundi, hii si ya kushukia, hii ni ya kuchezea ngoma." Fundi akajibu kwa upole kwamba yai halina macho.

Siku ya mahafali mgeni rasmi alichelewa, kama wageni rasmi wafanyavyo. Saa nne asubuhi, katika kuijaribu tu, mwalimu aliachia roketi iliyopaa kwa adhama ambayo hatujaiona tangu hapo: ilipita kilele cha mkaratusi, ikang'aa juani, ikageuka kwa taadhima, ikapotelea upande wa mashamba ya viazi. Mashahidi walikuwa wapishi waliokuwa wakimenya vitunguu, na mbuzi mmoja ambaye siku ile alikuwa na mashaka yake mwenyewe. Saa nane mgeni akawasili, akaketishwa, akaambiwa kwamba sasa ataona sayansi. Na hapo ndipo ilipobainika kwamba pampu imekwenda kujaza tairi la bajaji ya msafara wa harusi. Ikafuatwa mbio, ikarudi, ikakutwa kinywa chake kimebaki huko. Mwalimu, ambaye Mungu amemjalia ulimi, alisimama akaieleza kanuni ya tatu ya Newton kwa kirefu, mikono ikipanda na kushuka mahali pa roketi, hata mgeni rasmi akapiga makofi na kuahidi kwamba ofisi yake italifikiria jambo hilo.

Roketi iliyopotea asubuhi ile ilirudi kwa njia isiyotarajiwa. Kwetu, kama ajuavyo kila aliyekaa Mbeya, maziwa huuzwa katika chupa za soda, na mama mmoja aliyeiokota chupa ile katika matuta yake aliiosha, akanyofoa mapezi akawashia moto, akaijaza maziwa, akaipanga pamoja na nyingine. Mwalimu aliinunua kwa chai ya jioni. Aliitambua kwa alama za kalamu alizozichora mwenyewe kupima thuluthi ya maji, akamrudia yule mama. "Mama, hii ni roketi yetu." "Mwalimu," akajibiwa, "hiyo ni chupa yangu ya maziwa. Ukiimaliza nitakutafutia nyingine."

Nimekuwa nikijiliwaza kwa kusoma habari za waliotutangulia, na sioni kwamba walituzidi kwa utaratibu. Mwaka 1929 huko Ujerumani, Hermann Oberth, mmoja wa mababa wa elimu ya roketi, alikubali kuunda roketi halisi ili irushwe kutangaza filamu ya Fritz Lang ya safari ya mwezini. Filamu ikaonyeshwa tarehe 15 Oktoba mwaka ule, roketi haijawa tayari, naye akaondoka Berlin. Ng'ambo ya mpaka wetu wa Tunduma, mwaka 1964, mwalimu Edward Makuka Nkoloso aliwafunza vijana wa Zambia kwenda mwezini kwa kuwabingirisha mlimani ndani ya pipa la mafuta, akaomba pauni milioni saba kutoka UNESCO asizipate, na akalalamika hadharani kwamba wanafunzi wake wanashughulikia mapenzi wakati wangepaswa kushughulikia mwezi. Na huko Ntinda, Kampala, mwaka 2011, Chris Nsamba na wenzake wa kujitolea walikuwa wakiunda ndege katika uwanja wa nyumba ya mama yake, na kabla ndege haijaruka wakawa wanazungumza habari za chombo cha anga za juu. Nikisoma hayo huona majina tu ndiyo yamebadilika. Kamati ni ile ile.

Aliyefaulu, Robert Goddard, alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika tarehe 16 Machi 1926 katika shamba la jamaa yake huko Auburn, Massachusetts. Ilipaa mita 12 na ushei, ikakaa hewani sekunde mbili na nusu, ikaanguka katika kabichi. Alikuwa na wasaidizi wachache, na sikusoma popote kwamba siku ile palikuwa na harusi.

Na wala mbingu hazitusubiri. Pale Mbozi, safari fupi ya basi kutoka hapa, kimelala kimondo cha chuma cha takriban tani 16, kilichoshuka chenyewe bila mgeni rasmi, bila pampu na bila muhtasari wa kikao. Sisi hatujaweza kupeleka huko juu yai moja la kuku wa kienyeji.

Katika kikao cha mwisho bibi shamba alitoa hoja kwamba kuanzia sasa tushike kazi moja tu, na kila ombi jingine tulikatae kwa heshima. Hoja ilipita bila kupingwa, kwa sauti na furaha, hata mwenyekiti akapendekeza iundwe kamati ndogo ya kusimamia ukataaji; wajumbe wakachaguliwa, nao ni sisi sote, na kikao chao cha kwanza kikaahirishwa kwa kuwa kiligongana na maandalizi ya maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, ambako tumekwisha kuahidi roketi.

Hukumu yangu, kama katibu, ni kwamba kikundi hiki hakikosi elimu wala moyo, na kwamba mwalimu akiachwa peke yake na chupa, maji na asubuhi moja tulivu, yai litapaa na litarudi. Kwa hiyo nakuomba wewe msomaji uliye karibu na Uyole, kama una pampu ya baiskeli usiyoitumia, utuletee. Ila usije Jumamosi, maana tuna harusi. Na ukifika, tafadhali usitamke mbele ya mwenyekiti kwamba una nafasi, kwa sababu bado hatujapata mweka hazina.