Namna ya Kuingia Udaktari na Kufaulu Usaili Usiokuwepo

Hongera. Umemaliza kidato cha sita kwa kombi ya PCB, na mtaani inajulikana kwamba mtu aliyesoma Fizikia, Kemia na Biolojia ni daktari tayari, amekosa koti tu. Matokeo ya Baraza la Mitihani hutoka Julai, lakini majirani hawakungoja. Walianza kukuita dokta siku ulipopangiwa kidato cha tano, na mama wa genge amekwisha kukuvulia kandambili uuangalie mguu wake unaovimba jioni. Kilichobaki ni kajambo kadogo ka makaratasi: kuchaguliwa. Mwongozo huu utakufikisha, mradi usiruke hatua.

Hatua ya kwanza: Soma sifa za chini, kisha ulale

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka. Humo utakuta kwamba mwombaji wa Shahada ya Udaktari wa Tiba awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, kila somo si chini ya D, na jumla isipungue pointi 6. Sentensi hiyo izungushie kalamu nyekundu, funga kitabu, nenda kalale. Usijisumbue kuuliza ni wangapi nchini wana A tatu, wala nafasi za Muhimbili, Bugando, KCMC na Dodoma zinawatosha wangapi. Sifa za chini zinakupa ruhusa ya kupanga foleni tu, lakini wewe zichukulie kama barua ya kuitwa.

Hesabu mwachie baba mdogo. Sisi tumejaliwa mizani mbili za pointi, na kila moja inakwenda upande wake. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, hivyo mwenye pointi chache ndiye bingwa: A tatu ni pointi 3, ile "wani ya tatu" inayopigiwa vigelegele. TCU nao wanahesabu A kuwa 5, hivyo bingwa yuleyule kwao ana pointi 15. Baba mdogo hana habari na mizani ya pili. Ameona matokeo yako kwenye simu: divisheni ya pili, pointi 12. Ameona na sifa za chini: pointi 6.

"Wanataka sita, mtoto ana kumi na mbili," anatangaza sebuleni. "Amewazidi mara mbili!"

Anaagiza soda kreti nzima. Usimkatize. Pointi 12 za Baraza zinaweza kuwa D tatu kavu, na D tatu kwa TCU ni 6 kamili, maana yake umegusa mstari kwa ncha ya kidole gumba cha mguu. Lakini soda zimeshafunguliwa, na ukweli hauna haraka.

Hatua ya pili: Nenda steshenari siku ya mwisho

Zamani maombi yote yalipita katika mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 kila mwombaji anatuma maombi moja kwa moja chuoni, na kila chuo kina mfumo wake, nenosiri lake na ada yake. Dirisha hukaa wazi kwa wiki kadhaa. Wiki hizo ni za watu waoga. Wewe nenda siku linapofungwa, saa kumi jioni, mtandao ukiwa umeelemewa na nchi nzima.

Pale steshenari utamkuta kijana mmoja, kompyuta moja, na benchi limejaa madaktari watarajiwa. Kijana anachapa kwa vidole viwili. Vingine vina mafuta ya chipsi. Anakuuliza namba ya mtihani ya kidato cha nne, unaitaja, anaiandika, anakosea tarakimu moja, na mfumo unamleta mtu wa Sumbawanga usiyemjua. "Wewe ni Happiness?" anauliza. Mwambie aendelee tu, watajuana mbele. Barua pepe atakuwekea ya kwake, kama alivyowawekea wenzako wote kuanzia asubuhi. Nenosiri ni jina la duka. Ukitaka kujua kama umechaguliwa, utamfuata yeye, naye atakuwa ameshahamia Kibaha.

Namba ya simu ndiyo muhimu kuliko vyote, kwa hiyo weka ya shemeji. Mwombaji akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, hutumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi, na lazima aitumie kuthibitisha chuo anachokitaka ndani ya siku zilizopangwa. Asipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Ni vyema basi ujumbe huo ufike kwa mtu anayebadilisha laini kila akidaiwa. Wewe mwenyewe huenda wakati huo uko kwenye mafunzo ya JKT kule Bulombora, unakimbia mchakamchaka, na simu yako iko kwa mama, ambaye huzizima simu zote ili zisile chaji.

Mkopo nao una utaratibu wake. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, kwa hiyo anza kukitafuta cheti usiku wa mwisho, chini ya godoro la bibi. Ukikiona, soma jina: cheti kinasema Aisha, shule inasema Asha. Hapo unahitaji wakili, muhuri na kiapo, na wote watatu hawapatikani usiku.

Hatua ya tatu: Jaza udaktari kila mahali

Fomu ina nafasi ya kuchagua zaidi ya programu moja. Huo ni mtego. Ukiweka famasia, uuguzi, maabara au radiografia, ulimwengu utadhani huna imani. Jaza udaktari kila chuo, na shangazi akikuuliza chaguo la akiba, mjibu kwamba mkulima hodari hapandi shamba la akiba.

Zaidi ya yote, mdharau tabibu. Kweli, zahanati nyingi za vijijini zinasimamiwa na yeye, mwenye stashahada yake ya tiba. Kweli, malaria yako ya utotoni aliitibu yeye, na kijiji kizima kinamwita daktari bila kuomba kuona cheti. Kweli pia kwamba tabibu mwenye ufaulu mzuri anaweza kurudi chuoni kusomea shahada hiyohiyo unayoililia, akiwa ameshashika wagonjwa kwa mikono yake. Hayo yote yapuuze. Njia ndefu ni ya watu wasio na baba mdogo.

Hatua ya nne: Jiandae kwa usaili wa ng'ambo

Hapa kwetu vyuo huchagua kwa alama. Mfumo unapanga majina kuanzia juu kwenda chini, unakata mahali, na biashara imekwisha. Hakuna anayekuita chumbani akuulize kwa nini unataka kuwa daktari. Lakini ukiwa na mjomba Uingereza aliyekuahidi kukusomesha, utakutana na usaili wenyewe, na huko kuna kazi.

Kwanza kalenda. Maombi ya udaktari Uingereza hufungwa 15 Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, na mwisho ni vyuo vinne vya udaktari. Kuna mtihani wa UCAT wa kupima namna unavyofikiri. Kisha unaitwa. Vyuo vingi hutumia usaili wa vituo, mtindo uliobuniwa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000: unasoma swali mlangoni, kengele inalia, unaingia, unazungumza dakika chache, kengele inalia tena, unahamia mlango unaofuata. Wazo lao ni kwamba msaili mmoja anaweza kukupenda au kukuchukia bure, lakini wasaili wanane hawawezi kukosea wote kwa namna moja.

Kituo cha "kwa nini udaktari", mtoe bibi. Kila mwombaji ana bibi aliyeugua, na wako asipitwe. Mpe ugonjwa wenye jina refu. Lakini usimuue. Bibi akifa, msaili atauliza ulijifunza nini, na hilo hukuliandaa.

Kituo cha maadili watakupa figo moja na wagonjwa wawili. Wewe umekariri kanuni nne: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki. Zitaje zote kwa mpigo kama kwaito, halafu nyamaza. Figo nani apewe, hilo si juu yako. Kanuni hizo zitaje hata ukiulizwa kama umeona choo kiko wapi.

Kituo cha ushirikiano, simulia ulivyokuwa kiranja wa bweni, ukaamuru, wote wakatii. Ukiulizwa udhaifu wako, sema unapenda kazi kupita kiasi. Tangu asubuhi wasaili hawajalisikia hilo, isipokuwa kwa wote waliokutangulia.

Kituo cha mwigizaji ndicho kigumu. Mtu amekaa, ameambiwa ajifanye jirani yako, na wewe umemgonga paka wake kwa gari. Mpe habari. Hapa malezi ya pwani yatakuponza au yatakuokoa. Utaanza kwa salamu. Habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, na mzee anaendeleaje na mgongo? Ukifika kwenye habari za paka, kengele imelia. Jirani amefurahi sana, ila hajui kama paka amekufa.

Hatua ya tano: Usaili wa nyumbani

Ukikosa mjomba wa Uingereza, usidhani umeponea. Usaili upo Jumapili baada ya pilau, jopo limekaa mkekani, nawe umewekwa kwenye kigoda.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, dokta. Hivi masomo yenyewe miaka mingapi?"

"Mitano. Halafu mmoja wa mafunzo kazini hospitalini."

"Sita! Mwenzio ualimu mitatu, sasa ana mtoto wa pili." Anageukia jopo. "Na ubingwa?"

"Mitatu au minne tena."

Kimya kinapita. Anahesabu miaka yake mwenyewe. Shangazi anachukua zamu. Maiti utaishika? Utalala usiku? Na huu uvimbe hapa begani, unasemaje? Jibu sahihi la shangazi ni "nitauangalia shangazi", ulitoe hata kabla hujajua bega lina mifupa mingapi. Kisha wanauliza utajenga lini, na hapo jopo linachangamka, kila mmoja na ramani yake.

Bibi, yuleyule uliyekuwa unamuuguza kwenye usaili wa Uingereza, amekaa na kahawa yake na hajambo kabisa. Anauliza la kwake.

"Na kidonda kikinuka?"

"Kinasafishwa, bibi."

"Na nani?"

"Na nesi."

Jopo linacheka. Bibi hacheki. Anakutazama kama anavyomtazama muuza samaki, anafunika kikombe, na usaili umekwisha. Hakuna barua itakayokuja, lakini matokeo yako unayo.

Hatua ya sita: Acha kejeli kidogo

Mtindo wetu wa kuchagua kwa alama una sifa moja kubwa: kompyuta haiombwi na mjomba. Mtoto wa Namtumbo na mtoto wa Masaki wanapangwa kwa herufi zilezile, na katika nchi yenye wajomba wengi hilo si jambo la kubeza. Usaili nao si dawa. Tumeona jinsi bibi wa watu anavyougua kwa ajili ya alama. Lakini swali ambalo mfumo haukuuliza mlangoni halifutiki, limeahirishwa tu.

Litakujia chuoni katika mitihani ya vitendo, ambayo nayo ni ya vituo na kengele, na mtahini ana karatasi ya kuweka tiki: amejitambulisha kwa mgonjwa? ameomba ridhaa? amenawa mikono? Kuna wenye A tatu wanaopoteza alama hapo kwa kurukia tumbo la mtu bila kumsalimu. Yule aliyemaliza muda kwa kumuulizia jirani mgongo alikuwa na nusu ya kazi mkononi; alibakiza kusema jambo gumu kwa wakati. Kisha litakujia wodini, saa nane za usiku, kidonda kinanuka na nesi ni mmoja kwa wagonjwa wote. Hapo atakayekusaili ni mgonjwa, na hajali ulikuwa na pointi 3 au 15.

Kwa hiyo, kabla dirisha halijafunguliwa, nenda zahanati ya karibu, mwombe mganga mfawidhi ukae na kutazama kazi siku chache. Ukitoka hapo bado unautaka udaktari, omba mapema, andika namba ya simu yako mwenyewe, weka na chaguo la akiba usilolionea haya, na ukichaguliwa thibitisha siku hiyohiyo. Ukitoka hapo huutaki tena, mwambie baba mdogo wewe mwenyewe. Atanuna, atazidai soda zake, lakini utakuwa umewaepushia wagonjwa daktari asiyewataka.