Namna ya Kuchagua Sili Itakayovuja kwa Heshima

Una Land Rover Series III au Mercedes 240D. Injini imefumuliwa gereji ya Birere, mjini Goma, imebaki sili ya nyuma ya krankishafti, ile inayozuia mafuta yasifike kwenye klachi. Usihangaike, ndugu. Nifuate.

1. Nunua kwa macho. Mwonyeshe muuzaji sili kuukuu. Akisema, "Inaingia tu, patron, hakuna shida," lipa. Namba ya injini usiitaje, kipenyo usikipime. Chukua raba ya bei ya chini. Ya Viton huvumilia joto la karibu nyuzi 200, lakini ikishafungwa nyuma ya flaiwili, nani ataiona?

2. Idharau kamba. 240D ilitoka kiwandani na sili ya kamba iliyosukwa. Wewe ni mtu wa kisasa, weka raba. Krankishafti za kamba mara nyingi huchongwa vijifereji vya mshazari vya kurudisha mafuta ndani. Vijifereji hivyo vitaitafuna raba yako bila haraka.

3. Usikague chuma. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili unaposugua. Ukinasa kwenye mfereji uliolika, ondoa ukucha, endelea na kazi. Fundi mwoga angevalisha bushi nyembamba ya chuma, au angeisogeza sili kidogo ikae penye chuma kizima.

4. Funga kavu, upesi, nje uwanjani. Vumbi la mawe ya volkano ya Nyiragongo likitua kwenye mdomo wa sili, litafanya kazi ya msasa. Sili ya Land Rover ina mkato mmoja ili iweze kuzungushiwa krankishafti. Mkato hutakiwa kukaa juu. Wewe uelekeze chini, mafuta yaliko.

5. Acha bomba la kupumulia injini limeziba. Presha itayasukuma mafuta yapite hata kwenye sili nzuri. Hapo ilaumu sili, kanunue nyingine.

6. Chagua maegesho. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na mawe meusi tunayo ya kutosha: juu ya changarawe nyeusi, tone la mafuta halionekani. Ukialikwa Himbi kwenye ua wa sementi, egesha barabarani na useme unapenda kutembea.

Heshima hiyo itadumu hadi mlima wa kutoka Sake kwenda Masisi. Hapo klachi iliyolowa itateleza, injini itanguruma, gari halitapanda. Utashusha giaboksi upya, na kazi hiyo hugharimu mara nyingi zaidi ya sili yenyewe. Gari lililodumu miaka 40 kwenye barabara zetu linastahili uaminifu wa fundi na wa mwenyewe. Pima krankishafti kwanza, safisha bomba la kupumulia, kisha ndipo uende dukani ukiwa na namba ya injini mkononi.